Aga Khan wa Tatu na Mwavuli wa Jumuiya za Waislamu

Kila mji wa pwani yetu, tokea Lamu hata Vanga, una vyama vyake. Kuna kamati ya msikiti, kuna chama cha maziko, kuna walezi wa madrasa, kuna kina mama wanaochangiana kwa arusi na matanga. Kila kimoja kina sanduku lake na daftari lake, na mwenyekiti wake asiyependa kuamrishwa na mwenyekiti wa mtaa wa pili. Katika mambo madogo mpango huu hauna ubaya. Lakini likitokea jambo kubwa, mfano wa kujenga skuli ya sekondari au kusomesha vijana ng'ambo, ndipo inapodhihiri kuwa masanduku kumi yaliyotawanyika hayafanyi kazi ya sanduku moja. Hapo watu husema: na tuwe na jumuiya moja kuu ya kutukusanya sote. Neno hilo ni jema, ila lina maswali matatu nyuma yake, nayo ni haya: nani atakayeikusanya, kwa fedha za nani, na mali yake itaandikwa kwa jina la nani?

Maswali haya tunapenda kuyatazama katika maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyefariki zamani, ambaye umri wake wote aliutumia katika kuunda jumuiya kuu, kuzigharimia na kuziongoza. Mtu huyo ni Sultan Muhammad Shah, Aga Khan wa Tatu, Imamu wa arubaini na nane wa Waismailia. Msomaji wetu asidhani kuwa tumekusudia kuingia katika hitilafu za madhehebu. Hizo zinajulikana, na mahali pake si hapa. Tunalolitaka ni kujifunza kwa kazi ya mtu, palipofaa na palipopungua.

Alizaliwa Karachi tarehe 2 Novemba 1877. Babu yake, Aga Khan wa Kwanza, alikuwa ametoka Iran akahamia Bara Hindi, akaweka makao yake Bombay. Huko Bombay, mwaka 1866, palikuwa na kesi kubwa mahakamani baina ya babu huyo na baadhi ya Makhoja waliopinga mamlaka yake juu ya jamaa na mali zao. Hukumu ilimpa haki yeye. Tunaitaja kesi hii kwa sababu swali lake lilikuwa lile lile la tatu tulilolitaja: mali ya jamaa ni ya nani, na nani ana haki ya kuisimamia?

Baba yake alifariki mwaka 1885, naye akashika uimamu akiwa mtoto asiyetimiza miaka minane. Mamaye, Bibi Shams al-Muluk, aliyekuwa wa ukoo wa wafalme wa Iran, ndiye aliyemlea na kuangalia mambo ya nyumba na ya jamaa mpaka kijana alipokuwa. Alisomeshwa Kiarabu na Kiajemi, na Kiingereza na ilimu za Ulaya pia. Mwaka 1897, tauni ilipoingia Bombay na watu wakaiogopa chanjo kuliko maradhi yenyewe, yeye alijidhihirisha mbele ya watu wake akachanjwa, na akatoa jumba lake litumiwe na mtaalamu Haffkine aliyekuwa akitengeneza dawa ile. Watu walipoona kuwa mkuu wao hakudhurika, wengi wakakubali nao kuchanjwa.

Mwaka 1899 alifika Afrika ya Mashariki kwa mara ya kwanza. Waismailia waliotoka Kachi na Kathiawar walikuwa wamekwisha kukaa Unguja, na wengine wameenea mrima. Walikuwa wafanya biashara, lakini mambo yao ya jamaa yalikuwa na fitina nyingi, na baadhi yao walikuwa wamejitenga wakashika njia ya Ithnaasheri. Aliporudi mwaka 1905 aliwapa kanuni zilizoandikwa. Kanuni hizo ziliweka baraza la watu wa kuwaongoza, zikaeleza kazi ya kila mwenye cheo, na namna ya kuamua mambo ya ndoa, talaka, urithi na michango. Mwaka huo huo skuli ya kwanza ya Aga Khan katika nchi zetu ilianzishwa Unguja.

Katika miaka iliyofuata kanuni zile zilitengenezwa upya mara kadhaa kwa kadiri jamaa ilivyokua. Kila mji ukawa na baraza lake. Juu ya mabaraza ya miji pakawa na mabaraza ya majimbo. Na juu ya hayo baraza kuu la Afrika. Mchango wa mwanachama ulijulikana, njia yake kutoka mkononi mwake hata hazina ilijulikana, na daftari zilikaguliwa. Mtu wa Kisumu na mtu wa Lindi walikuwa chini ya sharti moja, ingawa hawakuwahi kuonana. Huu ndio mwavuli wa kwanza alioufungua, nao ungali upo mpaka hivi leo.

Sasa na tuvuke bahari turudi Bara Hindi. Mwaka 1902 aliongoza mkutano wa elimu wa Waislamu huko Delhi, na tokea wakati huo alikuwa mmoja wa waliotaka chuo cha Aligarh, kilichoasisiwa na Sayyid Ahmad Khan, kifanywe chuo kikuu. Serikali ya Kiingereza haikukubali kutoa ruhusa mpaka mtaji mkubwa upatikane. Basi mwaka 1911 Aga Khan alitoa rupia laki moja katika mali yake, kisha akazunguka nchi pamoja na Shaukat Ali, mji kwa mji, akiomba kwa matajiri na maskini. Chuo Kikuu cha Aligarh kilipata idhini yake mwaka 1920.

Katika safari hiyo aliona jambo ambalo baadaye alilitumia kwetu. Mtu mkubwa akitoa kwanza, wengine huona haya kukaa kimya; lakini akitoa yote peke yake, wengine hukaa wakatazama. Hivyo alitoa cha kuanzia, na kilichobaki akakidai kwa umma.

Mwezi wa Oktoba 1906 aliongoza ujumbe wa Waislamu uliokwenda Simla kuonana na Lord Minto, Gavana Mkuu wa Bara Hindi, kudai kuwa Waislamu wapewe viti vyao wenyewe katika mabaraza ya kutunga sheria. Kabla ya mwaka kwisha, viongozi wa Kiislamu walikutana Dhaka wakaunda Muslim League. Aga Khan hakuwapo mkutanoni, lakini ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wake wa kudumu. Chama hicho kilikuwa mwavuli wa namna nyingine. Waliokuwa chini yake hawakuwa watu wa madhehebu moja wala wa lugha moja. Walikuwamo Masunni na Mashia, Wabengali na Wapunjabi, wenye mashamba na mawakili. Katika miaka ya mwanzo chama kilitegemea sana fedha zake na za matajiri wachache wenzake.

Mwaka 1913 vijana wa chama walibadilisha makusudio yake, wakaandika kuwa wanataka nchi ijitawale. Mwenendo huo haukuwa ule alioupenda, na katika mwaka huo akajiuzulu urais. Hakukivunja chama kwa kuwa yeye ametoka, wala wanachama hawakukaa chini wakilia kuwa mfadhili amekwenda. Mwaka ule ule Muhammad Ali Jinnah alijiunga, na baada ya kupanda na kushuka kwingi, chama hicho ndicho kilichofikisha Pakistan mwaka 1947. Mwavuli wa pili, basi, ulibadilisha mkono ulioushika, na haukuanguka.

Baada ya hapo alipata vyeo vikubwa duniani. Aliongoza wajumbe wa Waislamu katika mikutano ya London ya mwaka 1930 hadi 1932 iliyozungumza mambo ya Bara Hindi, na mwaka 1937 alichaguliwa kuwa rais wa mkutano wa Shirika la Mataifa huko Geneva. Watu wengine walimjua zaidi kwa farasi wake, walioshinda mashindano ya Derby ya Uingereza mara tano. Katika Waislamu walikuwapo waliochukizwa na jambo hilo, na waliochukizwa na maisha yake ya Ulaya. Wasifu wa mtu haukamiliki kwa kuyaficha haya, nasi hatuyafichi.

Alipotimiza miaka 50 ya uimamu, wafuasi wake walimpima kwa dhahabu, Bombay mwaka 1936 na Nairobi mwaka 1937. Alipotimiza miaka 60 walimpima kwa almasi, Bombay mwezi wa Machi 1946, na Dar es Salaam mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Watu wa pwani wangali wanayasimulia mambo hayo kama shani ya fahari. Lakini la kuzingatia zaidi ni lile lililofanywa na fedha zilizokusanywa. Mwaka 1937 kampuni ya bima ya Jubilee iliasisiwa Mombasa, nayo ingali ikifanya kazi. Baada ya sherehe ya almasi pakaundwa shirika la uwekezaji ambalo kwalo watu wa jamaa yake walipata mikopo ya kujenga nyumba na kuanzisha biashara. Siku ya karamu ilipita, na mtaji ukabaki.

Sasa tunafika katika mwavuli wa tatu, na huu ndio unaotuhusu sisi kuliko yote. Mwaka 1945, hapa Mombasa, kwa shauri lake na msaada wake, iliundwa jumuiya iliyoitwa East African Muslim Welfare Society, yaani jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika ya Mashariki. Makusudio yake yalikuwa kuueneza Uislamu na kuinua hali za Waislamu katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wala haikuundwa kwa ajili ya Waismailia, ambao walikuwa na mabaraza yao. Iliundwa kwa ajili ya Waislamu wengine, na hasa Waafrika, ambao walikuwa nyuma katika elimu kwa kuwa skuli nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na wazee wengi waliogopa kuwapeleka watoto wao huko wasije wakabadilishwa dini.

Jumuiya ilikuwa na makao makuu, na chini yake baraza la kila nchi, na chini ya hayo matawi ya majimbo na wilaya. Ama katika fedha, sharti lilikuwa jepesi kulifahamu hata kwa asiyejua hisabu: kwa kila shilingi ambayo Waislamu wenyewe wameikusanya, Aga Khan naye alitoa shilingi. Mji uliotaka msikiti au skuli ulipaswa kuchanga kwanza, ndipo upate mwenziwe wa kile ulichochanga. Kwa njia hii misikiti na skuli vilijengwa katika nchi zetu zote, hata mahali ambapo hapo kwanza watoto walisomea chini ya mwembe.

Katika Uganda, mkono wake mkubwa alikuwa Badru Kakungulu, mwana wa ukoo wa kifalme wa Buganda, ambaye alitoa ardhi yake katika kilima cha Kibuli, Kampala, pakajengwa msikiti na skuli. Hapa Mombasa, Aga Khan alichanga pamoja na Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Haroub, na jamaa ya Mabohora, na Serikali ya wakati huo, ikapatikana taasisi ya elimu ya Waislamu, iliyoasisiwa mwaka 1948 kwa ajili ya kufundisha vijana ufundi. Ilifunguliwa baadaye kwa watu wa dini zote, ikabadilishwa jina zaidi ya mara moja, na tokea mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Hebu tazama, ewe msomaji, ni wangapi wanaopita mbele ya lango lake kila siku na hawaijui asili yake.

Aga Khan alifariki Versoix, karibu na Geneva, tarehe 11 Julai 1957, akazikwa Aswan katika nchi ya Misri. Alimrithisha uimamu mjukuu wake Karim, kijana wa miaka 20, akimruka mwanawe.

Mabaraza ya Waismailia hayakutikisika. Kanuni zilikuwa zimeandikwa, hazina ilikuwa na njia yake, na walioshika kazi walikuwa wamefundishwa. Lakini jumuiya ya ustawi wa Waislamu ilikuwa na habari nyingine. Mwaka 1961 makao yake makuu yalihamishwa kutoka Mombasa kwenda Dar es Salaam, na uongozi ukazidi kushikwa na Waafrika, jambo ambalo lilikuwa limedaiwa kwa miaka mingi na wale walioona kuwa Waislamu wa Kiasia ndio wenye sauti. Nchi zikapata uhuru, na kila serikali ikaanza kuuliza ni nani anayeongoza raia zake na kwa fedha zitokazo wapi.

Katika Uganda, mwaka 1965, watu wa serikali ya Obote waliunda chama kingine cha Waislamu cha kushindana na watu wa Kakungulu. Katika Tanzania, mwaka 1968, tawi la Bukoba lilijitenga na makao makuu, na matawi mengine yakafuata. Na mwezi wa Disemba wa mwaka huo Serikali ikaipiga marufuku jumuiya. Mahali pake pakawekwa Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, Bakwata, na mali iliyokuwa ya jumuiya ikakabidhiwa baraza hilo. Wako wanaosema kuwa mgogoro ule ulipangwa kutoka juu, na wako wanaosema kuwa jumuiya yenyewe ilikuwa imegawanyika na haikukubaliana na siasa ya nchi. Hatuwezi kuimaliza hoja hiyo katika kurasa zetu. Uganda ilipata baraza lake kuu mwaka 1972, na Kenya ikapata lake, Supkem, mwaka 1973. Mwavuli mmoja wa nchi nne ukawa miavuli mbalimbali, kila nchi na wake.

Sasa na tuilinganishe miavuli hii mitatu. Wa kwanza ulisimama kwa michango ya walio chini yake na kwa kanuni zilizoandikwa. Wa pili ulisimama kwa kuwa wanachama walikuwa na jambo lao walilolitaka kwa nyoyo zao, hata aliyewagharimia alipotoka hawakusahau walikokuwa wakienda. Wa tatu ulifanya mema mengi, na thawabu zake ziko kwa Mwenyezi Mungu. Lakini ulikuwa na kasoro ambazo kila mwenye kuunda jumuiya yafaa azijue.

Kasoro ya kwanza ni kuwa sharti la shilingi kwa shilingi, pamoja na uzuri wake wa kuzuia uvivu, humpa zaidi mwenye nacho. Mji wenye matajiri utachanga elfu upate elfu. Kijiji cha wavuvi kitachanga mia kipate mia, na kile kisicho na kitu hakitapata kitu, nacho ndicho chenye haja kubwa. Mwenye kulitumia sharti hili hana budi kutenga fungu kwa ajili ya wasioweza kuanza.

Kasoro ya pili ni kuwa nusu ya mapato ilikuwa katika mkono mmoja. Hata mkono huo ukiwa karimu namna gani, mwenyewe ni mwanaadamu, hufa, na watu husema maneno juu yake. Aliyetaka kuivunja heshima ya jumuiya alikuwa na neno jepesi la kusema, kwamba hiyo ni ya watu wa nje. Lau sehemu kubwa ya fedha ingalitoka katika wakfu za misikiti, na ada za wanachama, na kodi za nyumba za jumuiya, neno hilo lisingalipata masikio mengi.

Kasoro ya tatu, na ndiyo iliyoumiza zaidi, ni mali kuwa na jina moja. Jumuiya ilipopigwa marufuku, kilichokuwa chake kilihamishwa kwa tangazo. Msikiti wa mtaa ulioandikishwa kuwa wakfu, na wenye wasimamizi wake wanaojulikana, hauna jina la jumuiya kuu la kuchukuliwa nalo. Yafaa mwavuli uwafunike watu na mvua, lakini usiwe ndio wenye nyumba.

Haya si mambo ya kale kwetu. Katika miji yetu yangali yakisikika maneno ya kuunganisha madrasa chini ya baraza moja, zipate silabasi moja na mishahara ya walimu itoke sanduku moja. Mwalimu wa madrasa anayelipwa kwa kile wazazi wanachokumbuka kuleta siku ya Alhamisi anastahili mpango ulio bora kuliko huo. Sisi tunauunga mkono muungano huo. Lakini tunawaomba wazee wetu na viongozi wetu, kabla ya kuchagua mwenyekiti na kabla ya kumwandikia barua mfadhili yeyote wa ndani au wa ng'ambo, wakae waandike mambo haya: kila madrasa itatoa nini kila mwezi, ijapokuwa ni kidogo, ile isiyoweza itasaidiwa na fungu gani, hati za viwanja zitabaki kwa nani, na daftari zitasomwa mbele ya nani, na mara ngapi kwa mwaka. Msaada ukija baada ya hapo utakuwa ni nyongeza juu ya kilichopo, na ukikatika, mwalimu atapata mshahara wake wa mwezi huo.

Sultan Muhammad Shah alianza kwa kanuni za Unguja mwaka 1905, akamaliza na jumuiya iliyoenea nchi nne. Lile la kwanza, alilolifanya akiwa kijana wa miaka 27, ndilo lililodumu kuliko yale mengine, kwa kuwa waliokuwamo walijua haki yao na wajibu wao bila ya kumngoja yeye. Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu wa pwani hii kufahamiana, na awape wenye amana zao uaminifu. Amin.